Kungoja Nje ya Geti: Foleni ya Mafunzo ya Nyuklia katika Jeshi la Majini la Marekani

Kijana wa Kimarekani anayejiunga na Jeshi la Majini ili awe mwendeshaji wa vinu vya nyuklia hutumia karibu miaka miwili kabla hajakanyaga meli atakayoitumikia. Katika miaka hiyo si siku zote anasoma. Akimaliza hatua moja na darasa la hatua inayofuata likawa halijaanza, au nafasi yake kwenye mtambo wa mazoezi ikawa bado imeshikwa na mwingine, huwekwa kando mpaka apangiwe. Asubuhi hujipanga mstari na wenzake wakahesabiwa. Hupewa ufagio, au zamu ya mlangoni, au makaratasi ya ofisi ya kupeleka huku na huku, na jioni hurudi bwenini bila kujua kama jina lake litatoka wiki ijayo au baada ya miezi. Hali hii haina sura yake katika vitabu vya historia ya jeshi hilo. Vitabu vinamtaja Admirali Hyman Rickover, vinaitaja nyambizi Nautilus na safari yake ya chini ya barafu hadi Ncha ya Kaskazini mwaka 1958, wanaongoja hawatajwi. Wanastahili kutajwa, kwa sababu ukiifuata foleni yao hadi mwanzo wake utauelewa mfumo mzima kuliko ukizifuata sifa zake. Hoja yangu ni kwamba kungoja huku hakukuletwa na uzembe wa makarani. Kulikuwepo tangu siku za kwanza, na kulizaliwa na uamuzi uleule uliofanya vinu vya jeshi hilo viaminike. Kitu kimoja tu kimebadilika, nacho ni kikubwa: mahali anaposimama anayengoja. Kizazi cha kwanza kilingoja kando ya kazi, kikiishika mashine kwa mikono. Vizazi vilivyofuata vimengojeshwa nje ya geti.

Njia yenyewe leo iko hivi. Kuruta huanzia Great Lakes, jimbo la Illinois, kwenye mafunzo ya awali ya ubaharia. Kutoka hapo huenda Goose Creek, karibu na Charleston katika jimbo la South Carolina, kusomea ufundi wake: mitambo, umeme au elektroniki. Kisha huingia Shule ya Nguvu za Nyuklia kwa takriban miezi sita, asome hesabu, fizikia ya kinu, kemia ya maji, tabia za joto na mvuke, sifa za metali, na kinga dhidi ya mionzi. Mwisho hupelekwa kwenye mtambo wa mazoezi kwa miezi mingine kama sita, hapohapo Charleston au Ballston Spa katika jimbo la New York, akaendeshe kinu halisi huku mkufunzi akimtazama. Kila hatua ina tarehe zake na idadi yake ya nafasi. Makuruta humiminika zaidi kuanzia Juni, shule za sekondari zinapotoa wahitimu wao. Mtambo wa mazoezi haujui Juni wala Desemba, hupokea idadi ileile mwaka mzima, na ukizimwa kwa matengenezo haupokei hata mmoja. Anayefeli mtihani akarudishwa darasa la nyuma, anayeugua, anayesubiri kibali cha usalama kwa kuwa masomo ni ya siri, wote huangukia kwenye foleni hiyohiyo. Wanafunzi wana majina yao ya kuiita, nayo makao makuu yana yake, lakini kwa wote maana ni moja: umeshavuka mto, ila ng'ambo hawajakufungulia.

Mwanzo wa haya unamrudia mtu mmoja kuliko ilivyo kawaida katika historia ya majeshi. Rickover alizaliwa Poland mwaka 1900, nchi hiyo ikiwa chini ya Urusi, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akahitimu chuo cha maafisa wa majini cha Annapolis mwaka 1922. Mwaka 1946 alitumwa Oak Ridge, Tennessee, akajifunze nishati ya atomu, na kufikia 1949 alikuwa akisimamia mradi wa vinu vya meli akiwa na madaraka pande mbili kwa wakati mmoja, ndani ya Jeshi la Majini na ndani ya Kamisheni ya Nishati ya Atomu. Maamuzi yake mawili ndiyo yanayotawala foleni ya leo. La kwanza, kinu cha nyambizi kijengwe kwanza nchi kavu, kwa ukubwa wake kamili, ndani ya kipande cha umbo la nyambizi, huku nyambizi yenyewe ikiendelea kuundwa kwingine. La pili, watakaokiendesha baharini wajifunzie kwenye kinu hicho cha nchi kavu, si kwenye picha yake wala kwenye hadithi yake. Hivyo katika jangwa la Idaho, karibu na mji mdogo wa Arco, ukajengwa mtambo ulioitwa S1W, umbo lake la chuma likiwa limezungukwa na tangi la maji badala ya bahari. Wakati huohuo, maelfu ya kilomita kutoka hapo, kwenye kiwanda cha Groton, Connecticut, Rais Harry Truman aliweka mkuku wa Nautilus tarehe 14 Juni 1952. Kinu cha Idaho kiliwaka kwa mara ya kwanza tarehe 30 Machi 1953, na mwezi Juni mwaka huo kikaendeshwa kwa nguvu zake zote, mfululizo, kwa muda ambao ungeitosha nyambizi kuvuka bahari ya Atlantiki. Nautilus ilishushwa majini Januari 1954, ikakabidhiwa rasmi jeshini Septemba, na tarehe 17 Januari 1955 ikang'oa nanga kwa nguvu za nyuklia.

Tazama sasa watu katika tarehe hizo. Mabaharia na maafisa wa Nautilus walichaguliwa mapema, nyambizi yao ikiwa bado ni mabamba ya chuma na michoro. Walingoja miaka. Lakini miaka hiyo waliipitishia kwenye maabara ya Bettis karibu na Pittsburgh, iliyoendeshwa na kampuni ya Westinghouse, wakisoma nadharia kwa wahandisi waliokuwa bado wanaikamilisha, na huko Idaho, wakishika zamu kwenye kinu ambacho hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kukishikia zamu kabla yao. Kasoro iliyoonekana jangwani ilikuwa na nafasi ya kurekebishwa Groton kabla umbo la nyambizi halijafungwa. Aliyekuwa akingoja meli alikuwa pia akiijua kuliko atakavyoijua yeyote atakayekuja baada yake. Hao walikuwa wanagenzi kwa maana kamili: muda wao ulikuwa mrefu, na haukuwa mtupu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa luteni mmoja ambaye baadaye dunia nzima ilimfahamu. Jimmy Carter alichaguliwa na Rickover mwaka 1952, akapelekwa Schenectady, New York, kujiandaa kwa nyambizi ya pili ya nyuklia, Seawolf. Nyambizi hiyo haikushushwa majini mpaka Julai 1955, kwa hiyo Carter alikuwa amepangiwa chombo ambacho hakikuwepo. Katika kungoja huko alisoma fizikia ya vinu katika chuo cha Union kilicho mjini humo, na yeye naye akawafundisha hesabu na fizikia mabaharia wa kikosi chake. Desemba 1952 kinu cha utafiti cha Chalk River nchini Kanada kiliharibika vibaya, na Wamarekani wakaombwa msaada. Carter alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Kwa maelezo yake mwenyewe, walijenga mfano wa kinu hicho kwenye uwanja wa tenisi, wakafanya mazoezi ya kufungua kila bolti, kisha wakaingia kwenye kinu chenyewe kwa zamu, kila mtu akikaa ndani takriban dakika moja na nusu tu kwa sababu ya mionzi. Baba yake alifariki mwaka 1953, naye akaacha jeshi Oktoba mwaka huo kurudi kwao Georgia. Hakuwahi kusafiri na Seawolf hata siku moja. Kwa hesabu za makaratasi, muda wake wote katika mradi wa nyuklia ulikuwa wa kungoja. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema ulipotea.

Mpango ule haukudumu, na haukuvunjwa na mtu mbaya. Yaliyouvunja ni mafanikio. Nautilus ilipothibitisha kwamba inaweza, maadmirali waliokuwa na shaka wakageuka wakaanza kudai nyambizi zaidi. Shule ya kwanza ya nguvu za nyuklia ilianzishwa New London, Connecticut, mwaka 1956. Ikafuata nyingine Mare Island, California, na nyingine Bainbridge, Maryland, kabla ya kuunganishwa zote Orlando, Florida, mwaka 1976. Nyambizi ya makombora George Washington iliingia jeshini Desemba 1959, ya kwanza kati ya 41 za aina yake zilizojengwa ndani ya miaka minane, na kila moja ilipewa vikosi viwili vya mabaharia, kimoja baharini na kingine nchi kavu, ili chombo kisilale bandarini kikisubiri watu wapumzike. Hesabu ya vikosi vya waendeshaji vilivyohitajika ikawa mara mbili ya hesabu ya vyombo hivyo. Novemba 1961 ikaja Enterprise, meli ya kubeba ndege yenye vinu vinane ndani ya chombo kimoja. Wakazi wa pwani yetu walipata kuijua: Februari 1977, ikiwa imetoka kutembelea Mombasa, iliamriwa ibaki nje ya pwani ya Afrika Mashariki Idi Amin alipowazuia Wamarekani waliokuwa Uganda wasiondoke. Waliokuwa chini ya sitaha wakivitunza vinu hivyo vinane walikuwa wamepita njia hii tunayoizungumzia.

Wingi huo ulilazimisha mabadiliko ambayo naona hayajapewa uzito wake. Kikosi cha Nautilus kilifundishwa kama kikosi: watu wale, kwa chombo kile, pamoja. Shule zilipokua, jeshi likaanza kumfundisha mtu mmojammoja, asiyejua atapelekwa meli gani, akazibe pengo la mwingine aliyemaliza mkataba. Huo si utaratibu pekee unaowezekana. Wasovieti waliwafundisha mabaharia wa nyambizi yao ya kwanza ya nyuklia, K-3, kwenye mtambo wa nchi kavu huko Obninsk, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wakawa na kituo kikubwa Paldiski, Estonia, chenye umbo la nyambizi na kinu ndani yake, ambako vikosi vizima vilipitishwa. Sidai kwamba Wasovieti walipata matokeo bora. Orodha ya ajali za vinu vyao baharini yatosha kulijibu dai hilo. Ninachosema ni kwamba ukimfundisha mtu peke yake unamfanya pia angoje peke yake. Kikosi kisichokuwa na meli kina viongozi wake, kina ratiba, kina jambo la kufanyia mazoezi hata kama ni kuzima moto. Mwanafunzi asiyekuwa na darasa hana wenzake wa kazi, ana wenzake wa foleni tu, nao hubadilika kila wiki.

Yote hayo yangeweza kuvumilika kama mlango wa mwisho ungekuwa mpana. Mlango huo ni mtambo wa mazoezi, na upana wake ulishawekwa na uamuzi wa Rickover wa mwanzo. Darasa la nadharia likijaa, unaweza kuongeza viti na mwalimu. Mtambo wenye kinu halisi una kiti kimoja cha mwendesha kinu, paneli moja ya umeme, gurudumu moja la kufungulia mvuke wa injini. Anayekikalia kiti hicho ana mkufunzi nyuma yake, na hawezi kukiachia baada ya dakika kumi ili kila mtu aonje. Kabla ya kukifikia lazima afuate kwa miguu kila bomba na kila waya, auchore mfumo wake kwa kumbukumbu, na apate saini ya aliyekwisha kufuzu kwa kila kipengele kwenye kadi yake. Akimaliza zamu zake zote hukaa mbele ya jopo linalomhoji kwa mdomo. Mitambo ilifanya kazi usiku na mchana. Huko Idaho wanafunzi waliishi Idaho Falls na miji ya jirani, wakapanda mabasi kuvuka jangwa mwendo wa kilomita kama 80 kwenda zamu, na mwendo uleule kurudi. Hadi mafunzo ya huko yalipofungwa katikati ya miaka ya 1990, karibu mabaharia 40,000 walikuwa wamepitia kwenye mitambo mitatu ya Idaho. Hiyo ni idadi ya kuheshimiwa. Ni pia idadi inayoonyesha ni watu wangapi walilazimika kupita, mmoja baada ya mwingine, kwenye viti vichache mno.

Siri ndiyo iliyokamilisha kazi ya kumtoa anayengoja nje ya geti, na hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Masomo ya vinu vya meli yana ulinzi wa siri za taifa. Daftari la mwanafunzi hugongwa muhuri na kubaki ndani ya jengo; hawezi kulichukua bwenini, hawezi kulipitia Jumapili kitandani, hawezi kumwandikia baba yake alichojifunza. Kwa aliye darasani jambo hili lina faida isiyotarajiwa, kwani linamlazimisha kusomea palepale, wenzake na walimu wakiwa karibu, saa nyingi baada ya vipindi. Kwa anayengoja ni ukuta. Yule aliyemaliza miezi sita ya nadharia, kichwa chake kikiwa kimejaa kuliko kitakavyojaa tena maishani, hutolewa kwenye jengo lenye maarifa yake na kupelekwa kwenye kazi za kusafisha. Anaweza kufungua kitabu cha kawaida cha fizikia, na wenye bidii hufanya hivyo, lakini mabomba na vali za mtambo atakaoendesha hazimo katika kitabu hicho. Mabaharia wa Nautilus nao walikuwa ndani ya siri, siri nzito kuliko hii. Tofauti ni kwamba siri yao iliwafungia ndani.

Baada ya Vita Baridi foleni iliingia awamu mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jeshi lilikuwa na mitambo minane ya mazoezi nchi kavu: mitatu Idaho, minne West Milton karibu na Ballston Spa, na mmoja Windsor, Connecticut. S1W, mkongwe wao, ulizimwa 1989. Ukafuata S3G mwaka 1991, S1C wa Windsor 1993, A1W 1994, S5G 1995, na D1G 1996. Ndani ya miaka saba ikabaki miwili ya nchi kavu, ikisaidiwa na nyambizi mbili za zamani za makombora, Daniel Webster na Sam Rayburn, zilizofungwa gatini Charleston zikawa madarasa yanayoelea. Upunguzaji huo ulikuwa na sababu zake. Meli zenyewe zilipungua kutoka karibu 150 hadi zaidi kidogo ya 80, na manowari zote tisa za daraja la kruza zilizokuwa na vinu zilistaafishwa ndani ya muongo huohuo. Kituo cha Orlando kiliwekwa kwenye orodha ya kambi za kufungwa mwaka 1993, na shule ikahamia Goose Creek mwishoni mwa muongo. Kwa wastani hesabu ilikubali. Ila foleni haijali wastani. Mitambo minane inaweza kufiwa na mmoja kwa matengenezo ya mwaka mzima na wanafunzi wakagawanywa kwa saba iliyobaki. Minne ikipoteza mmoja, robo ya nafasi zote imekwenda, na nyuma yake madarasa ya nadharia yanaendelea kutoa wahitimu kila baada ya wiki chache. Ndivyo ilivyokuwa S8G, mmoja wa miwili iliyobaki New York, ulipoingia katika kazi ya kubadilishwa mafuta ya nyuklia kuanzia 2018, wakati ambapo nyambizi La Jolla na San Francisco zilikuwa bado zinageuzwa madarasa kwenye kiwanda cha majini cha Norfolk, kazi iliyomeza miaka kadhaa kwa kila moja.

Atakayenipinga kwanza atasema tatizo hapa ni mipango tu: waajiri makuruta kwa kadiri ya viti, na foleni itakwisha. Ni kweli kwamba jeshi hilo lina utaratibu wa kumsajili kijana leo akaanza mafunzo miezi mingi baadaye, akingojea nyumbani kwao. Lakini huko ni kuihamisha foleni, na kuihamisha kuna gharama. Kijana mwenye uwezo wa hesabu wa kiwango kinachotakiwa ana vyuo vinavyomtaka na kampuni zinazomtaka. Ukimwambia arudi mwakani, wengi hawatarudi. Na hata ukisawazisha waingiaji, huwezi kusawazisha wanaofeli, wanaougua, wala pampu iliyoharibika usiku wa manane. Mfumo wenye kiti kimoja ghali mwishoni lazima uwe na watu wanaokisubiri, kwani kikikaa kitupu hata wiki moja hasara yake ni kubwa kuliko mshahara wa wanaongoja wote. Aliyepanga hivyo hakukosea hesabu. Alikubali, pengine bila kuliandika popote, kwamba muda wa vijana ndio utakaotumika kuziba mapengo. Lawama yangu haiko kwenye kukubali huko. Iko kwenye kuutumia muda wa watu kama akiba na kisha kuuhesabu kuwa si kitu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: majeshi yote hungoja. Askari aliyengoja meli ya kumvusha Bahari ya Hindi mwaka 1942 hakulalamika kwamba hapewi masomo, na huyu wa leo analipwa, anapanda cheo, anakula na kulala bure. Hili lina ukweli wake. Mwanafunzi wa nyuklia hupandishwa cheo mapema kuliko mabaharia wengi, na siku za kungoja zinahesabiwa ndani ya mkataba wake. Lakini ukilichunguza, hilo la mwisho linaligeuka jeshi lenyewe. Mkataba ni wa miaka sita. Mafunzo yakiwa yanakula karibu miwili, kila mwezi wa ufagio ni mwezi unaokatwa kwenye minne ya baharini, ile ambayo kwa ajili yake fedha zote zilitumika. Kuhusu yule kijana mwenyewe, sioni kama chakula na mshahara vinajibu swali. Aprili 2022 mabaharia watatu wa meli ya kubeba ndege George Washington walijiua ndani ya muda wa wiki moja. Hawakuwa wanafunzi wa nyuklia wanaongoja darasa, na kila kifo kina sababu zake ambazo si halali yangu kuzipima. Lakini meli yao ilikuwa kiwandani Newport News tangu 2017 ikibadilishwa mafuta ya vinu, na uchunguzi wa jeshi lenyewe baadaye ulikiri kwamba hali ya maisha ya vijana waliopangiwa chombo kisichosafiri ilikuwa mbaya kuliko inavyokubalika. Jeshi liliandika hapo, kwa kalamu yake, kwamba kupangiwa mahali pasipo na kazi uliyoijia ni mzigo. Aliyeko kwenye foleni ya Goose Creek anaubeba mzigo wa jamii hiyohiyo, japo mara nyingi kwa muda mfupi zaidi.

La tatu ni la kiufundi: kwa nini kung'ang'ania kinu halisi cha ukubwa kamili? Mashirika ya umeme hufundisha waendeshaji wake kwenye vyumba vya kuigiza, na Waingereza walikuwa na kinu kidogo cha kufundishia, JASON, chenye nguvu ya kilowati 10 tu, kilichofanya kazi kuanzia 1962 hadi 1996 ndani ya majengo ya karne ya 17 ya chuo cha majini cha Greenwich, London. Rickover hakuamini kwamba chombo cha kuigiza kinaweza kumfundisha mtu uzito wa kosa, na sidhani alikuwa amekosea. Kwenye ajali ya Three Mile Island ya Machi 1979, waliokuwa zamu walikuwa wametoka Jeshi la Majini, lakini mtambo waliokuwa nao mbele yao haukuwa ule waliolelewa nao, na tume ya rais iliyochunguza iliona mafunzo yao ya huko kazini kuwa na upungufu mkubwa. Jeshi la Majini limepoteza nyambizi mbili za nyuklia pamoja na wote waliokuwemo, Thresher mwaka 1963 na Scorpion mwaka 1968, ila halijawahi kuripoti kuyeyuka kwa kinu chake hata kimoja. Rekodi hiyo inatosha kunifanya nisipendekeze kiti halisi kiondolewe. Chumba cha kuigiza, hata hivyo, kina matumizi ambayo hayagusi ubishi huo. Kinaweza kumpokea anayengoja. Aliyekwisha kupata kibali cha usalama na kufaulu nadharia hana sababu ya kusimama nje wakati ndani kuna chumba, michoro na vali za kufundishia. Jibu ninalolitarajia ni kwamba wakufunzi hawatoshi, nalo ni jibu la kweli. Lakini linasema kungoja kutupu ni suala la bajeti ya wakufunzi, halisemi kwamba hakuepukiki.

Tena mfumo wenyewe unajua namna ya kufanya vingine. Kila darasa linapomaliza mtambo wa mazoezi, baadhi ya waliofanya vizuri hubakizwa hapohapo kama wakufunzi vijana kwa takriban miaka miwili kabla ya kwenda baharini. Wengine huchaguliwa kuendelea na mafunzo ya kemia ya maji na vipimo vya mionzi kwa miezi michache. Wakufunzi hao wamecheleweshwa kufika melini kuliko yeyote aliye kwenye foleni, lakini wamecheleweshwa ndani ya jengo, mikono ikiwa kazini, na meli zinawapokea kwa furaha.

Australia nayo sasa imeingia njia hii. Chini ya mapatano ya AUKUS yaliyotangazwa Septemba 2021, maafisa wake watatu wa kwanza walihitimu Shule ya Nguvu za Nyuklia huko Goose Creek Julai 2023, wakaendelea na mtambo wa mazoezi. Nchi yao haina kinu cha kufundishia mabaharia, na nyambizi ya kwanza itakayouziwa na Marekani haitarajiwi kabla ya mwanzo wa miaka ya 2030. Wakimaliza mafunzo hawarudi Australia kukaa bwenini. Wanapangiwa nyambizi za Kimarekani za daraja la Virginia, washike zamu kwenye vyumba vya injini za watu wengine mpaka chombo chao kitakapokuwa tayari. Kila mwaka wenzao wengi zaidi wanawafuata, na kila mmoja wao huhitaji miezi sita kwenye kiti kilekile kimoja cha mtambo, mbele au nyuma ya kijana kutoka Ohio au Texas ambaye naye ameambiwa asubiri kupangiwa.